Kimefikaje Hapa?

Chini ya picha ya mtakatifu asiyejulikana sana, katika makumbusho mengi ya mikoa nchini Uhispania, kuna kibandiko kidogo chenye mistari minne au mitano: jina la mchoraji, karne, rangi ya mafuta juu ya turubai, urefu na upana. Pengine mstari wa mwisho huongeza kwamba picha hiyo ni amana ya Makumbusho ya Prado ya Madrid. Wageni wengi husoma jina, huinua macho kidogo, kisha hao, chumba kinachofuata. Mimi nina tabia ya kuanzia chini, kwenye ule mstari wa mwisho. Neno amana halihitaji kufafanuliwa kwa Mswahili: kitu si chako, umewekewa, na mwenyewe akija humnyimi. Basi picha imetundikwa hapa lakini si ya hapa. Na kabla haijawa ya Madrid, ilikuwa ya nani?

Makumbusho ya aina hii, yale ya sanaa na akiolojia yaliyowekwa ndani ya kasri la zamani, yana majibu tele ya swali hilo, ila hayapendi kuyaandika ukutani. Yatakwambia nani alitengeneza, lini, na kwa kutumia nini. Kimefikaje hapa? Kimya. Nadhani kimya hicho kinamdhulumu mgeni, kwa sababu karibu kila kilichomo, likiwamo jengo lenyewe, kilitoka kwa mmoja kikaangukia kwa mwingine: kwa amri ya serikali, kwa mnada, kwa vita, au kwa jembe lililogonga jiwe shambani. Ukiondoa hadithi hiyo unabaki na vyumba vya vitu vizuri vilivyopangwa kwa umri. Hilo lachosha upesi, na watu wasione haya kukiri.

Tuanze na neno mkoa. Mikoa ya Uhispania kama tunavyoijua ilichorwa mwaka 1833 na waziri Javier de Burgos, mikoa 49 kwa mara moja. Leo ni 50, baada ya Visiwa vya Canary kugawanywa mwaka 1927. Mwaka huohuo wa 1833 vikazuka vita vya kugombea kiti cha ufalme, na hazina ikawa imekauka. Juan Álvarez Mendizábal, aliyeshika serikali mwaka 1835, aliangalia kulia na kushoto akaona palipolala mali: kwenye monasteri. Kwa amri za mwaka 1835 na 1836 nyumba za watawa zilifungwa kwa wingi, mali zao zikawa za taifa, kisha ardhi na majengo yakapigwa mnada ili kupunguza deni la serikali na kugharamia vita. Mashamba yalipata wanunuzi. Majengo mengi yakageuka kambi za askari, magereza, maghala, au mahali pa kuchota mawe ya kujengea kwingine.

Lakini picha za madhabahuni, sanamu za mbao, makaburi ya mawe, maktaba nzima za ngozi na karatasi? Hivyo havikuliwa wala havikulimwa. Kamati zikatumwa kuzunguka na kuorodhesha. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari nyingi za siku zile ziliandikwa mbiombio: picha ya mtakatifu, picha nyingine ya mtakatifu, imechakaa. Kati ya monasteri na mji mkuu wa mkoa mambo mengi yangeweza kutokea kwenye mkokoteni. Kilichofika kilihitaji paa, na hapo ndipo makumbusho ya mkoa yalipozaliwa. Yale ya Guadalajara yalifunguliwa mwaka 1838 na hutajwa kuwa ya kwanza ya aina yake nchini humo. Mwaka 1844 kila mkoa uliundiwa tume ya kushughulikia majengo na vitu vya kale. Mwaka 1867 amri iliyoanzisha Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia mjini Madrid iliagiza pia mikoa iwe na ya kwake.

Madrid, kama kawaida ya miji mikuu, ilikuwa imeshachagua kwanza. Picha zilizoonekana bora zilikusanywa katika makumbusho yaliyowekwa kwenye nyumba ya zamani ya watawa wa Utatu, nayo mwaka 1872 yakaunganishwa na Prado. Prado haikuwa na kuta za kutosha. Ikaanza kugawa: maelfu ya kazi zikasambazwa nchi nzima, kwenye makumbusho, makanisa, vyuo na ofisi za serikali. Kwa hiyo picha iliyonyakuliwa katika monasteri ya mkoa mmoja ingeweza kukaa Madrid miongo kadhaa, kisha ikapelekwa mkoa mwingine kabisa ambako mchoraji wake hakuwahi kukanyaga, ikiwa na kibandiko cha amana. Safari nzima hiyo imeminywa ndani ya maneno matatu ambayo hakuna anayeyasoma.

Sasa kasri. Nachukua la Infantado, mjini Guadalajara, kwa kuwa makumbusho yale ya mwaka 1838, baada ya kuhamahama, yamekaa humo tangu mwaka 1973, na kwa kuwa sijui jengo jingine linalojieleza kwa uwazi zaidi kwa mtu mwenye subira ya kuliangalia. Duki wa pili wa Infantado, Íñigo López de Mendoza, alianza kulijenga mwaka 1480, fundi wake mkuu akiwa Juan Guas. Nyumba za wazee wake zilizokuwa pale aliziangusha. Maandishi ya uani yanaeleza sababu bila aibu: alitaka kuongeza utukufu wa wazee wake na wake mwenyewe. Uso wa jengo umejaa mawe yaliyochongwa ncha kama almasi, na uani kuna simba waliochongwa juu ya kila tao la chini, wawili wawili, wakitazamana. Mfalme Francis I wa Ufaransa alipitishwa hapo mwaka 1525 akiwa mateka, akikirimiwa kana kwamba ni mgeni mwalikwa. Mwaka 1560 mfalme Felipe II wa Uhispania alifungia hapo ndoa yake na Elisabeth wa Valois.

Simama nje kidogo uangalie madirisha. Hayakai sawa. Juu kabisa kuna baraza ya Kigothi, mtindo wa zama za kati, yenye nakshi kama lesi. Chini yake madirisha makubwa ya mistari iliyonyooka, yenye mapambo ya Kirumi, yametobolewa katikati ya mawe ya almasi kama mtu aliyekata shuka kwa mkasi. Huyo ni duki wa tano, karibu karne moja baadaye. Mtindo ulikuwa umebadilika, mfalme alikuwa akijenga kwa namna mpya, na duki hakutaka kuonekana wa kizamani. Alitoboa ukuta, akainua sakafu ya ua, akaondoa nguzo za chini za babu yake na kuweka nyingine zisizo na urembo mwingi. Kisha akamleta mchoraji wa Kiitalia, Rómulo Cincinato, apake dari za vyumba vya chini: Wakati na miungu yake, vita vya ukoo, mbio za Atalanta. Wapenzi wa Kigothi hawajamsamehe hadi leo. Mimi namshukuru kidogo, kwa sababu yeye ndiye anayenionyesha kwamba kasri halikuwahi kuwa kitu kimoja kilichokamilika kikasubiri watalii.

Mwezi wa Desemba mwaka 1936, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, ndege za upande wa waasi zililipiga mabomu likaungua. Dari za mbao za ghorofa ya juu zilizokuwa zimefunikwa kwa dhahabu, ambazo wasafiri wa karne zilizotangulia walizisifu kuliko kitu chochote katika mji huo, ziliteketea. Za Cincinato, chini, zilipona. Unaweza kutembea jengo zima na usijue hilo usipoinua kichwa: chini dari imejaa watu na farasi, juu ni dari kavu ya juzi. Kwa maoni yangu hakuna kabati la vioo ndani ya jengo lile linaloeleza karne ya 20 ya Uhispania kama tofauti ya dari hizo mbili.

Na humo ndani kuna kaburi la Aldonza de Mendoza. Alifariki mwaka 1435, akachongewa sanamu ya alabasta, amelala, mikono kifuani, nguo ikianguka mikunjo mizito. Alizikwa katika monasteri ya San Bartolomé huko Lupiana, mwendo mfupi kutoka mjini, akitarajia bila shaka kulala pale hadi siku ya kiyama. Kufungwa kwa monasteri kulimtoa. Alipelekwa Madrid kwenye Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia, na kasri lilipogeuzwa makumbusho akarudishwa mkoani. Hadi hapo ni safari ya kawaida ya jiwe la kaburi. Ila Aldonza alikuwa dada, kwa baba, wa Íñigo López de Mendoza yule mshairi, markizi wa Santillana, na ndugu hao wawili waligombea urithi wa baba yao kwa miaka mingi, wakifikishana hadi mbele ya mahakimu. Duki aliyejenga kasri ni mjukuu wa markizi. Kwa hiyo bibi huyo amelazwa leo ndani ya nyumba ya kizazi cha kaka aliyeshindana naye, juu ya kiwanja cha nyumba za ukoo, kwa uamuzi wa maofisa wa serikali ambao huenda hawakuwa na kisa hicho akilini hata kidogo. Kama ningepewa kibandiko kimoja tu cha kuandika katika makumbusho yale, ningeandika hicho.

Watasema hayo ni umbea wa ukoo, na kazi ya makumbusho ni sanaa. Sawa. Lakini anayemtazama Aldonza akijua kisa hicho hukaa naye muda mrefu zaidi, na akikaa ndipo huona jinsi mchongaji alivyoshughulikia ukingo wa nguo na vidole. Umbea umemfikisha kwenye sanaa. Kile kibandiko cha "alabasta, karne ya 15" hakimfikishi popote.

Kuna jambo jingine ambalo jengo hulifanya bila kuulizwa. Kasri lilijengwa kwa watu wa kupokewa na kutishwa kidogo: lango kubwa, ua, ngazi pana, kisha vyumba vinavyofunguka kimoja ndani ya kingine bila ujia wa pembeni. Kadiri ulivyokuwa na cheo ndivyo ulivyoruhusiwa kupita milango mingi zaidi. Makumbusho yakihamia humo yanarithi mwendo huo. Mawe mazito, kama makaburi ya Kirumi, nguzo za kupimia umbali wa barabara na nguruwe wa itale waliochongwa kabla ya Warumi, hubaki chini, kwani sakafu za mbao za juu hazikujengwa kubeba tani. Picha hupanda ghorofani, kwenye kumbi zenye kuta ndefu na mwanga. Hivyo katika majengo mengi ya namna hii mgeni huanza na jiwe lililopondwa la mwindaji wa kale, hupanda ngazi pamoja na Ukristo, na humaliza amechoka katika chumba cha karne ya 19. Wachoraji wa karne hiyo wameonewa sana na miguu ya wageni. Siku nikiwa na nafasi huanzia mwisho, nikiwapita walinzi wanaoninyooshea mkono upande wa kabla ya historia, na kila mara huwa nagundua mchoraji mmoja ambaye nilimpita mwaka uliotangulia nikitafuta kiti.

Na kuta zenyewe hazishikiki. Jengo likiwa urithi uliosajiliwa, huwezi kutoboa utakapo, huwezi kuziba dirisha la duki kwa ajili ya picha inayochukia jua, na mitambo ya kurekebisha unyevu hujificha ndani ya makabati ya bandia. Wahifadhi wa makumbusho haya hutumia nusu ya akili yao kulinda vitu dhidi ya nyumba, na nusu nyingine kulinda nyumba dhidi ya vitu. Nawahurumia kwa dhati. Lakini huruma hiyo isitufanye tukubali suluhisho lao la kawaida, yaani kulifanya kasri lisionekane: paneli nyeupe mbele ya kuta, taa za darini, zulia la kijivu, mpaka mtu asijue kama yuko katika nyumba ya karne ya 15 au kwenye ofisi ya bima.

Cáceres, upande wa Extremadura, wameponea chupuchupu kosa hilo, na sababu iko chini ya ardhi. Makumbusho ya mkoa huo yako katika Nyumba ya Veletas tangu mwaka 1933, jengo la kibwanyenye lililosimama mahali palipokuwa ngome ya Waislamu. Ukiwa umeshaona mawe ya wapiganaji wa Zama za Shaba na sarafu za Kirumi, unashuka ngazi chache na kujikuta mbele ya birika: matao ya umbo la kwato za farasi juu ya nguzo fupi za mawe, maji yametulia chini yake, mwanga hafifu. Ni birika la zama za Kiislamu, na maji ya mvua ya uani bado huingia humo. Hakuna aliyelileta pale. Halikunyakuliwa, halikununuliwa, halina amana. Nyumba ya Wakristo ilijengwa juu yake, na vizazi vikaendelea kuchota maji ya wale waliofukuzwa. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na Cáceres kuinama huko ndiko kunakolipa, kwa kuwa jengo linajibu swali langu kwa sekunde moja bila kibandiko.

Niseme kidogo juu ya akiolojia, maana watu huiona kama upande wa baridi wa makumbusho haya, vigae na misumari. Hapa mambo yana msingi wa kisheria ulio wazi zaidi kuliko kwenye picha. Sheria namba 16 ya mwaka 1985, inayohusu urithi wa kihistoria wa Uhispania, inasema kinachofukuliwa au kuokotwa ardhini chenye thamani ya kihistoria ni mali ya umma. Mkulima akiibua sanamu kwa bahati hana haki ya kuiweka sebuleni. Anatakiwa kutoa taarifa, na sheria inampa zawadi ya fedha, nusu ya thamani iliyokadiriwa, wakigawana sawa na mwenye shamba. Wanaochimba kwa kibali nao hukabidhi walichopata kwenye makumbusho yanayopangiwa, mara nyingi yale ya mkoa husika. Matokeo yake kila barabara mpya, kila msingi wa ghorofa, kila bomba la maji hupeleka masanduku. Kinachoonyeshwa ni kiasi kidogo tu. Bohari ndiyo makumbusho yenyewe. Mgeni akiambiwa hivyo mlangoni angeyaona yale makabati kwa jicho jingine: kigae kilichopo mbele yake kilichaguliwa, na kuna mtu aliyeamua kwamba maelfu ya wenzake wabaki gizani.

Tusiwaonee Wahispania peke yao. Mwaka 1801 serikali ya Ufaransa, chini ya Napoléon, iliamuru picha zigawiwe miji 15, nyingi zikiwa zimetoka makanisani, kwa watu waliokimbia mapinduzi, na katika nchi zilizotekwa. Kati ya miji hiyo ulikuwamo Dijon, ambako makumbusho yako ndani ya kasri la maduki wa Burgundy. Kitu kinachowavuta watu huko ni makaburi ya maduki wenyewe, hasa la Philippe yule Jasiri, kazi ya Jean de Marville, Claus Sluter na Claus de Werve, lenye vijisanamu vya waombolezaji waliofunikwa kofia za majoho wakipita chini ya matao madogo. Makaburi hayo hayakuwa ya kasri hata siku moja. Yalikuwa katika monasteri ya Champmol, nje ya mji, yakatolewa wakati wa mapinduzi, yakavunjwavunjwa, kisha yakaunganishwa upya na kuwekwa katika ukumbi wa walinzi wa kasri karne ya 19. Waombolezaji kadhaa walipotelea mikononi mwa watu binafsi. Wanne wako Cleveland, Marekani. Kwa hiyo maduki wamerudi nyumbani kwao kama vitu vya maonyesho, katika ukumbi ambamo walinzi wao walikuwa wakisimama. Huwezi kubuni kisa kama hicho.

Najua hoja inayonisubiri, na ni nzito. Bila makumbusho haya vingekuwa wapi? Lupiana iliuzwa. Champmol ilibomolewa. Picha ambazo hazikuokotwa na kamati ziliishia kwa wachuuzi wa ng'ambo au zikaoza. Ni kweli, na sioni cha kubisha. Wale makarani waliozunguka na mikokoteni waliokoa zaidi ya walivyopoteza, tena mara nyingi kwa mshahara uliochelewa na bila mahali pa kuweka mzigo. Ila aliyeokoa mali katika nyumba inayoungua akiulizwa mali ilikuwa ya nani, hajibu kwa kuonyesha majivu. Na serikali iliyookoa ndiyo iliyokuwa imewasha moto.

Tena kukaa kimya hakuzuii swali; hulifikisha mahakamani. Monasteri ya Sijena, mkoani Huesca, ilianzishwa na malkia Sancha mwaka 1188. Ilichomwa mwaka 1936, na michoro ya ukutani ya ukumbi wake wa mikutano, iliyonusurika ikiwa imebadilika rangi kwa moto, ilibanduliwa na kupelekwa Barcelona. Vitu vingine vya monasteri hiyo viliuzwa na watawa miaka ya 1980 na 1990. Mwezi Desemba mwaka 2017, kwa amri ya mahakama na chini ya ulinzi wa polisi, vitu 44 vilitolewa katika makumbusho ya Lleida na kurudishwa Sijena. Mwezi Mei mwaka 2025 Mahakama ya Juu Kabisa ya Uhispania ikaamua kwamba michoro iliyoko Barcelona nayo irudi. Wataalamu wa Barcelona wanasema michoro ile haitahimili safari. Watu wa Aragon, jimbo lenye mkoa wa Huesca, wanasema wameshasikia hadithi hiyo. Sitaingia kati, pande zote mbili zina watu wanaojua kazi yao. Ninachoona ni kwamba kwa miongo mingi mgeni aliyesimama mbele ya michoro hiyo alielezwa uzuri wake vizuri mno, na habari za ugomvi akazisoma kwenye magazeti.

Prado yenyewe imeanza kusogea. Mwaka 2022 ilitangaza orodha ya mwanzo ya kazi 25 zilizochukuliwa kwa watu na taasisi wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe na ambazo hazikurudishwa, ikafungua uchunguzi kuhusu zilivyoingia. Ni idadi ndogo ukiilinganisha na ukubwa wa nyumba, lakini ni mara ya kwanza kwa wengi kusikia taasisi kubwa kiasi hicho ikisema hadharani: hiki hatuna hakika nacho. Makumbusho ya mikoa yangeweza kwenda mbali zaidi kwa gharama ndogo zaidi, kwa sababu madaftari ya zile kamati yapo kwenye nyaraka, na wahifadhi wanayafahamu. Mstari mmoja wa ziada kwenye kibandiko hauhitaji jengo jipya: kilitoka wapi, mwaka gani, kwa amri ya nani.

Mji wa Huesca, makao makuu ya mkoa huohuo wa Sijena, una makumbusho yaliyoanzishwa mwaka 1873, kwa msukumo mkubwa wa zawadi za mchoraji na mkusanyaji Valentín Carderera, na leo yamo katika jengo la chuo kikuu cha zamani lenye ua wa pembe nane. Chuo nacho kilikuwa kimelimeza kasri la wafalme wa Aragon. Kuna mbao za madhabahu ya Sijena za karne ya 16 humo, nzuri, zenye nyuso nyembamba na nguo za rangi kali, na inafaa kukaa nazo. Halafu unashuka kwenye sehemu ya kasri, katika chumba cha karne ya 12 chenye dari ya mawe iliyoinama na mwanga kidogo. Kinaitwa Chumba cha Kengele.

Kisa chake kilianza kuandikwa karne ya 14, miaka mingi baada ya wahusika kufa. Ramiro II alitolewa utawani akatawazwa mfalme mwaka 1134, na wakuu wa nchi wakamdharau. Akatuma mjumbe kwa mkuu wa monasteri yake ya zamani kuomba shauri. Mzee hakusema neno. Alichukua kisu, akaingia bustanini na kuyakata makabichi yaliyorefuka kuliko mengine. Mfalme akawaita wakuu wake waje waone kengele itakayosikika ufalme mzima, akawakata vichwa mmoja mmoja walipokuwa wakiingia, akavipanga duara, na kimoja akakining'iniza katikati kama ulimi wa kengele. Wasomi wanakumbusha kwamba mwandishi wa Kirumi Livius alikwisha kusimulia kitu kama hicho kuhusu mfalme Tarquinius na vichwa vya maua, kwa hiyo makabichi yenyewe nayo yana asili ya kutiliwa shaka. Mwaka 1880 José Casado del Alisal alikichora kisa hicho kwa ukubwa wa kutisha. Picha ni ya Prado, nayo imetundikwa katika jengo la baraza la mji wa Huesca, kama amana.

Chumba chenyewe hakina kitu. Hakuna kabati, hakuna jiwe lililoletwa, ni kuta tu, na watu huingia wakapunguza sauti, wakatazama sakafu.